Salamu za Kituo Kilichokufa

Karatasi ilikuwa imeshachapwa, imeshagongwa mhuri wa mradi, na mahali pa sahihi ya Inspekta Kabula Masanja pameshawekewa nukta ili asipate taabu ya kupatafuta. Kabula hakuwapenda watu wanaomrahisishia kazi namna hiyo. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama, ofisini kwa Dokta Wilbroad, mkurugenzi wa mradi, Mtendeni mjini Tabora, huku mwenye ofisi akimmiminia chai ambayo hakuiomba.

Karatasi ilidai kwamba Elieth, mtaalamu wa kompyuta wa mradi, umri miaka ishirini na tisa, alichelewesha kwa makusudi tahadhari ya mafuriko ya Jumanne ya wiki iliyopita, akasababisha kifo. Marehemu aliitwa Ngollo. Aliingia kwenye kivuko cha Isenga saa tisa alasiri na ng'ombe kumi na mmoja, maji yakamchukua yeye na saba kati yao. Tahadhari ilipaswa kufika kwenye simu ya mtendaji wa kijiji saa sita mchana. Ilifika saa kumi na mbili jioni, mtendaji akiwa ameshaanza kutafuta mwili.

Elieth alikaa karibu na mlango kama mgeni, katika ofisi aliyoitumikia miaka minne. Alikuwa nje kwa dhamana, na alikuwa amepigwa marufuku kugusa kompyuta yoyote ya mradi. Dokta Wilbroad alimweleza, kwa ule upole wa wakurugenzi wanaojua wanasikilizwa na watu wengine, kwamba akiandika barua ya kukiri, yeye mwenyewe atamwombea shitaka lishushwe liwe uzembe. Barua nayo ilikuwa imeshachapwa.

"Siweki sahihi," Elieth alisema. "Nikifungwa, nifungwe kwa kosa nililolifanya."

Kabula akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alishawaona wengi waliolia na wengi waliokana, lakini mtu anayefunguliwa mlango wa nyuma akakataa kupita, huyo haonekani kila siku kituoni.

Mradi uliitwa Msafara. Ulikuwa na vituo tisa, vingi vikifuata njia ile ya zamani ya wapagazi, kutoka Ipole kusini, kupitia Tabora mjini, hadi Ulyankulu na Nzega. Kila kituo kilikuwa na kompyuta ya kawaida tu, na hakuna hata moja iliyoweza kupiga peke yake hesabu za mvua na mito ya mkoa mzima. Kwa hiyo kazi ilikatwa vipande, kila moja ikabeba chake. Wenyewe waliziita kompyuta hizo wapagazi, vipande vya kazi wakaviita mizigo, na programu ya kugawa mizigo wakaiita Kirangozi, kwa jina la yule aliyekuwa akitangulia mbele ya msafara. Mzigo wa mto hauanzi mpaka mzigo wa mvua umalizike, na mzigo wa tahadhari unaisubiri yote. Mpagazi mmoja akikaa chini njiani, wa nyuma yake wote wanasimama.

Dokta Wilbroad alikuwa na ushahidi wa mistari miwili ya kumbukumbu za Kirangozi. Jumanne, saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, mzigo wa mto ulipewa Ulyankulu, mtoaji Elieth. Saa tisa na nusu alasiri mzigo huo huo ulinyang'anywa kwa mkono ukapewa Nzega, mtoaji Elieth. Alisema binti alikuwa amenuna tangu mkataba wake ulipocheleweshwa, akataka kuuaibisha mradi, kisha akashtuka mambo yalipokuwa makubwa.

Kabula aliomba kumbukumbu za mwaka mzima. Zilipoletwa, rundo zima la karatasi, alifunua katikati bila haraka, akasoma, akauliza swali ambalo Dokta hakulitarajia.

"Tarehe kumi na nne Agosti ulikuwa wapi, Elieth?"

"Leba. Mwanangu alizaliwa jioni ile."

"Hapa pameandikwa siku hiyo umegawa mizigo mia mbili na kumi na miwili." Kabula akamgeukia Dokta Wilbroad. "Mzazi hodari huyu."

Ikabidi Dokta akubali, kwa shingo upande, kwamba Kirangozi hufanya kazi yake peke yake, saa zote, chini ya jina la aliyemsimika kwenye mitambo, yaani Elieth. Mstari wa kwanza ukawa umekufa hapo hapo. Ukabaki wa pili, ule wa kunyang'anya kwa mkono, na swali lililomkera Kabula zaidi ya mistari yote miwili. Kwa nini Kirangozi alichagua Ulyankulu?

Elieth akaeleza. Kila baada ya dakika kumi, kila mpagazi lazima atume ujumbe mfupi: nipo, nina mzigo au sina, joto langu ni kiasi hiki. Walinzi wa vituo waliuita shikamoo, na Kirangozi hujibu marahaba. Asiyesalimia mara mbili mfululizo anatolewa kwenye foleni. Anayesalimia hanyang'anywi mzigo hata akichelewa, kwa sababu anahesabiwa kwamba yuko njiani. Asubuhi ile Ulyankulu ilisalimia vizuri, ikasema haina kitu mabegani. Baada ya kupewa mzigo iliendelea kusalimia kwamba imebeba. Elieth alipoona foleni imesimama alimpigia mlinzi wa kituo simu nne bila majibu, ndipo akaupora mzigo mwenyewe.

"Hiyo sheria ya kutomnyang'anya anayesalimia niliiandika mimi," aliongeza. "Hilo ni langu. Hilo mkiniletea karatasi nitaliwekea sahihi."

Simu ya Afande Dionis, mkuu wa Kabula, iliingia kabla chai haijapoa. Alitaka faili mezani kwake kesho Ijumaa saa nane mchana, liwe na sahihi au liwe na jina lingine. Kabula alijibu ndiyo afande, akachukua rundo lake la karatasi, akaiacha chai ya watu.

Koplo Adinani aliendesha. Mvua zilikuwa zimeichimba barabara ya Ulyankulu vibaya, na walifika saa saba, magoti yote yakiwa yamechoka. Silasi, mlinzi wa kituo, mwanamume wa makamo, alianza kutokwa jasho kabla hawajamaliza kusalimiana. Nyuma ya chumba cha kompyuta zilikuwepo simu kama arobaini zimechomekwa kwenye waya uliotoka kwenye betri za sola za mradi. Adinani akamkonyeza Inspekta wake. Mtu anakula umeme wa mradi, mashine inakosa nguvu, mzigo unalala. Kesi imekwisha, turudi mjini tukale.

Kabula naye aliamini hivyo kwa muda wa kama dakika tano. Silasi alikiri habari ya simu haraka mno, kama mtu anayelipa deni dogo ili asiulizwe kubwa. Kabula akamwomba awashe kompyuta. Silasi akasema haiwaki. Inveta iliungua kwa radi Jumapili mchana, siku mbili kabla ya Ngollo kufa, na akaleta chuma chenyewe, cheusi, kinanuka. Mwanajuma, mwenye saluni ya ukuta wa pili, alithibitisha, kwa maana radi hiyo hiyo ilimchomea mashine ya kukaushia nywele akiwa na bi harusi kitini. Aliitaja tarehe bila kufikiri.

"Kwa hiyo Jumanne mashine ilikuwa imezimika," Kabula alisema.

"Hata leo, afande. Imekufa."

"Na maiti huyo akasalimia kutwa nzima."

Silasi akainama. Alizunguka mbali kabla ya kufika. Alisema katika jumuiya yao ya kanisa, majina yakisomwa na mtu anaumwa, jirani humwitikia au humfikishia salamu, asije akahesabiwa mtoro akakosa wa kumzika. Hakuna anayeona hapo uongo, ndio ujirani. Walinzi wa vituo nao walikuwa wakifanyiana vivyo hivyo. Kituo chako kikilala, mwenzako anakusalimia kwa Kirangozi. Kabula akamuuliza ni nani aliyemsalimia yeye. Silasi akatikisa kichwa.

"Simtaji mtu aliyenitendea wema. Kama ni kunifunga, nifungeni."

Siku moja, na huyu ni mtu wa pili anamwomba afungwe. Kabula alikasirika, tena alimheshimu, na hasira ikazidi kwa sababu hiyo. Alichukua diski ya kompyuta ya Ulyankulu, akamwandikia hati ya kuipokea, wakageuza gari.

Njiani kurudi alifungua kumbukumbu za wiki ile. Adinani akalalamika kwamba kusoma garini kunaleta kichefuchefu, akaambiwa aangalie mbele. Kabula hakushughulika na mizigo wala majina. Alisoma mkia wa kila salamu, tarakimu ya joto ambayo hakuna mtu anayeisoma. Mpaka Jumapili mchana kila kituo kilikuwa na joto lake. Baada ya hapo Ulyankulu ikaandika 34.6, na Ipole 34.6. Ulyankulu 35.1, na Ipole 35.1. Hivyo hivyo siku zote, usiku na mchana, mpaka kwenye nukta. Vituo viwili vilivyotenganishwa na safari ya nusu siku vilikuwa vinaumwa homa moja.

"Kesho alfajiri, Ipole," alisema, na Adinani akajuta kuzaliwa dereva.

Kituo cha Ipole kilikuwa ndani ya ghala la asali la chama cha wafugaji nyuki, na mlinzi wake alikuwa mjane wa miaka sitini, Adelina, aliyejifunza kompyuta ukubwani na kuwapita waliozisomea. Walipeana mwangaluka, salamu ya asubuhi ya kwao, kisha Kabula akamwamkia kwa Kiswahili, shikamoo mama, marahaba mwanangu, na kabla ya swali la tatu mama alishasema kila kitu. Ndiyo, alimsalimia Silasi. Aliwahi kumsalimia na wa Nzega. Alionyesha kiprogramu chenyewe, kinachochukua salamu ya kituo chako na kuibadilisha jina. Alikionyesha kwa fahari kidogo, na Kabula akatambua kwamba huyu mama hajui.

Akamwambia. Alimweleza taratibu kuhusu mzigo wa mto, kwamba Kirangozi aliukabidhi kwa mashine iliyokufa kwa sababu mashine hiyo ilionekana iko hai, na kuhusu Isenga, na kuhusu Ngollo.

Adelina alikaa juu ya ndoo ya asali iliyofunikwa. Aliuliza huyo kijana alikuwa na umri gani. Kabula akamjibu, ishirini na miwili.

"Dokta ndiye aliyetuletea hicho kitu, mwezi wa saba," Adelina alisema. "Alisema wageni wafadhili wanaokuja huhesabu vituo vilivyo macho. Akasema jirani amsalimie jirani, na Elieth tusimsumbue. Hakuandika popote. Alikuja mwenyewe, akakaa hapo ulipokaa wewe."

"Atakana, mama. Itakuwa neno lako na lake."

"Akane. Wewe anza na jina langu. Liandike juu kabisa, halafu la kwake lifuate, tuone kama atakuja kulifuta."

Kabula aliliandika. Kisha akaichukua diski ya Ipole pia, akamwomba mama asipokee simu ya Mtendeni mpaka saa nane. Adelina alisema nyuki hawana simu, akachukua kofia yake ya wavu akaelekea mizingani.

Saa saba na robo Kabula aliingia kwenye ukumbi wa mradi, Mtendeni, ambako bodi ilikuwa imekaa chini ya mwenyekiti wake, Bi Veneranda. Alikuwa amepeleka ujumbe kwamba faili atalifunga mbele ya bodi, na Dokta Wilbroad alimkaribisha kwa bashasha. Elieth aliletwa akakalishwa mwisho wa meza. Ukutani ilikuwepo skrini kubwa yenye vituo tisa, saba vya kijani na viwili vyekundu: Ulyankulu, ambayo haikuwa na wa kuisalimia tena, na Ipole.

Bi Veneranda akauliza kulikoni. Dokta akasema ni hitilafu ndogo ya mtandao, mvua hizi, dakika moja tu. Akatoka na kompyuta yake mpakato kwapani. Kabula akaangalia dirishani. Wingu lilikuwa zito upande wa Nzega, na mtu mmoja mezani alisema huko imenyesha tangu asubuhi.

Dokta alirudi akiwa anapangusa miwani. Muda si mrefu Ipole ikawa kijani, kisha Ulyankulu.

"Vituo tisa," alisema, "vyote macho."

Kabula akafungua mkoba, akatoa diski mbili, akaziweka mezani, kila moja na hati yake ya kupokelea. Alisema hii ni Ipole na hii ni Ulyankulu. Alisema kompyuta zilikotoka haziwezi hata kuonyesha saa. Kisha akamwomba Bi Veneranda mwenyewe asome mikia ya salamu zilizoingia sasa hivi. Ipole 41.2. Ulyankulu 41.2. Mlango ukafunguliwa, Koplo Adinani akaingia. Alikuwa amesimama koridoni muda wote, jirani na kioo cha ofisi ya mkurugenzi, na sasa aliomba, kwa adabu zote, kompyuta iliyo kwapani mwa Dokta. Ilikuwa ya moto. Ilisomeka 41.2.

Dokta Wilbroad alisema hajui wanachozungumza. Alisema tena, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba bila vituo tisa macho mradi ungefungwa, na bila mradi wasingekuwa na tahadhari yoyote. Kabula alimjibu kwamba Jumanne hawakuwa nayo.

Alikuwa anaanza kufurahi. Ndipo Elieth aliposimama, macho yake yakiwa kwenye skrini.

"Afande, mzigo wa mvua umekwisha sasa hivi. Angalia Kirangozi ameupeleka wapi wa mto."

Kabula akatazama. Ulyankulu. Mstari ulisema imebeba, inaendelea.

"Mtego wako umempa maiti mzigo," Elieth alisema. "Isenga itajaa kama Jumanne."

Kabula akalitazama tena lile wingu dirishani. Alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa mvua. Elieth alishaanza kuelekea kwenye kompyuta ya Kirangozi, na Bi Veneranda akamzuia kwa mkono. Alisema mshitakiwa hagusi mitambo, utaratibu ni utaratibu, waitwe wataalamu kutoka Dar es Salaam. Dokta Wilbroad akapata uhai tena. Akasema Inspekta afahamu kwamba huyu binti akigusa hapo, kumbukumbu zitabadilika, na wakili yeyote atasema ushahidi wote umechezewa.

Alisema kweli, mshenzi yule. Kabula alijua. Kesi aliyoizungukia kilomita zaidi ya mia tatu ingeweza kufia hapo mezani, na Afande Dionis angemuuliza ni nani alimruhusu mshitakiwa kushika ushahidi, na jibu lingekuwa ni yeye.

"Gusa," akamwambia Elieth.

"Inspekta, nimesema—" Bi Veneranda alianza.

"Nimesikia, mama. Andika kwamba ni mimi niliyemruhusu. Kabula Masanja. Gusa, Elieth."

Elieth akakaa. Kwanza aliwatoa Ipole na Ulyankulu kwenye foleni, salamu zao zikagonga ukuta. Akaupora mzigo wa mto, akaukata vipande viwili, kimoja Nzega, kingine hapo Tabora. Kisha akaifungua ile sheria aliyoiandika mwenyewe, ya kumwamini anayesalimia, akaifuta mbele yao mstari kwa mstari, bila kuomba ruhusa ya mtu. Wajumbe watatu walisimama kupinga na hakuna aliyethubutu kumsogelea, kwa kuwa Adinani alikuwa amehamia nyuma ya kiti chake.

Saa nane ilipita. Simu ya Kabula iliita mara mbili, Afande Dionis, naye hakuipokea. Hesabu zilichukua saa moja na dakika ishirini, na katikati yake Dokta Wilbroad alitaka maji, akapewa.

Saa tisa na dakika kumi mzigo wa tahadhari uliondoka. Kabula alipiga simu kwa mtendaji wa Isenga na haikupatikana. Akapiga tena. Mara ya nne uliingia ujumbe mfupi badala ya sauti, akausoma kimya kwanza, halafu akausoma kwa sauti, akimtazama Elieth peke yake. Mtendaji aliandika kwamba tahadhari imefika na kivuko kimefungwa. Makundi manne ya ng'ombe yalikuwa njiani kuvuka, na yamegeuzwa. Baba yake Ngollo alikuwa amekaa katikati ya njia tangu aliposikia habari ya tahadhari, fimbo mapajani, na hakuna mchungaji aliyekubali kumpita.

Elieth aliomba usomwe tena. Kabula akausoma tena.